Z bila mistari sambamba: uchambuzi wa kisa kimoja cha pembe katika kidato cha kwanza

Katika swali la nne la jaribio la mwisho wa wiki, mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliandika nyuzi 105, akazifuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, kisha juu ya doa lile akaandika nyuzi 112 na kupiga mstari chini yake kwa rula. Jibu sahihi lilikuwa 105. Nilikuwa nimekwisha kuweka alama ya kosa na kushika karatasi ya mwanafunzi mwingine nilipohisi kwamba kuna kitu nimekipita. Nikairudia, nikaiinamisha kwenye mwanga wa taa, na ile 105 ikasomeka vizuri ndani ya alama iliyoachwa na ncha ya penseli. Aliyelipata jibu ndiye aliyelifuta. Nimesahihisha makosa mengi ya kutojua, lakini hili lilinikosesha usingizi kwa sababu mtoto huyu alijua, kisha kitu nilichomfundisha mimi kikamnyang'anya alichokijua.

Darasa lenyewe ni la shule ya kata, na wanafunzi wake wametoka shule mbalimbali za msingi walikosoma Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka yote saba. Walipoingia kidato cha kwanza walikuwa tayari wanajua kutumia kipimapembe, wanajua kwamba pembemraba ni nyuzi 90, na wanajua kwamba pembe zilizopangana juu ya mstari mnyoofu hujumlisha nyuzi 180. Ugeni waliokutana nao ulikuwa wa hisabati na wa majina kwa pamoja, kwa kuwa kuanzia hapo somo linafundishwa kwa Kiingereza, na mada ya pembe imejaa majina. Jozi ya pembe zinazojumlisha nyuzi 90 ina jina lake, jozi inayojumlisha 180 ina lake, na majina hayo mawili, komplimentari na saplimentari, yanafanana kwa sauti kiasi kwamba mtoto anayeyasikia kwa mara ya kwanza hana namna ya kuyatofautisha isipokuwa kukariri. Baada ya hayo yanakuja majina ya pembe zinazotokea pale mistari miwili inapokatwa na mstari wa tatu, nayo ni marefu zaidi.

Nikafanya kile ambacho walimu wengi hufanya, na ambacho nami nilifanyiwa nilipokuwa mwanafunzi: nikatumia herufi. Pembe mbili zinazotazamana ncha kwa ncha mahali mistari miwili inapokatana tuliziita pembe za X. Pembe zilizokaa sehemu ileile katika makutano mawili, kwa mfano zote mbili juu kulia, tuliziita pembe za F. Zile za ndani zilizo pande tofauti za mstari unaokata tuliziita pembe za Z, na zile za ndani zilizo upande mmoja tukaziita pembe za U. Ubaoni niliandika mistari minne: X ni sawa, F ni sawa, Z ni sawa, U jumla yake ni 180. Juu kabisa nilikuwa nimeandika, kwa maandishi madogo, kwamba mistari iwe sambamba. Watoto walinakili ile minne. Maneno ya juu wengi waliyaacha, nami sikuona haja ya kuyahangaikia, kwa kuwa katika kila mchoro niliouchora kwa wiki mbili zilizofuata mistari ilikuwa sambamba kweli.

Mchoro wa swali la nne ni rahisi, na ningependa msomaji auchore ili aone kile walichokiona watoto. Uchore mstari AB, A ikiwa kushoto na B kulia, na chini yake mstari CD, C kushoto na D kulia. Mstari wa tatu uukate AB mahali M, kisha uukate CD mahali N. Swali lilisema kwamba pembe AMN ni nyuzi 112 na pembe CNM ni nyuzi 75, likauliza kwanza ukubwa wa pembe MND, na pili kama AB na CD ni sambamba. Mistari haikuwa na vile vishale vya kuonyesha usambamba, wala hapakuwa na sentensi iliyosema kwamba ni sambamba. Njia ya sehemu ya kwanza ni fupi: C, N na D ziko juu ya mstari mmoja mnyoofu, kwa hiyo CNM na MND zinajumlisha 180, na ukitoa 75 unabaki na 105. Nyuzi 112 haziguswi hapo. Niliziweka kwa ajili ya sehemu ya pili, ambako mwanafunzi alitakiwa kuona kwamba AMN na MND ni jozi ya Z yenye pembe zisizolingana, na kwa hiyo mistari haiwezi kuwa sambamba.

Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 112. Wengi wao walijibu sehemu ya pili kwa kusema kwamba mistari ni sambamba kwa sababu pembe za Z ni sawa. Hoja hiyo inajizungusha yenyewe: usawa wa pembe uliandikwa kwa kudhani usambamba, kisha usambamba ukathibitishwa kwa usawa uleule. Wapo hata waliozijaza pembe zote nane za mchoro, na pale N wakawa na 75 na 112 zikiwa zimekaa bega kwa bega juu ya mstari mmoja mnyoofu, jumla yake 187, bila kushtuka. Hawa ni watoto walewale ambao darasa la saba wasingekubali jumla ya 187 kwenye mstari mnyoofu.

Siku iliyofuata nilimwita yule binti baada ya kipindi, nikiwa na karatasi yake mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze, hii mia na tano uliyoifuta uliipataje?"

Akaitazama kwa muda. "Nilitoa sabini na tano kwenye mia na themanini."

"Kwa nini sasa ukaifuta?"

"Niliona Z, mwalimu."

"Ile hesabu ya kwanza uliiona ina kosa?"

"Hapana. Ila nilidhani Z ndiyo unayoitaka."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo msingi wa uchambuzi huu wote. Mtoto alikuwa na hoja mbili mkononi zilizotoa majibu mawili tofauti kwa pembe moja, jambo ambalo katika jiometri haliwezekani. Lakini badala ya kuuliza ni hoja ipi iliyovunjika, alijiuliza ni ipi inayopendwa na mwalimu. Moja aliijua tangu shule ya msingi na aliweza kuieleza. Nyingine ilikuwa mpya, ina jina, imeandikwa ubaoni na kuzungushiwa duara kwa chaki ya rangi. Ile yenye jina ikashinda.

Nilichojilaumu nacho zaidi ni namna mifano yangu ilivyopangwa. Katika wiki mbili nzima mtoto hakuwahi kuonyeshwa Z hata moja ambayo pembe zake si sawa. Sharti la usambamba lilitajwa, lakini halikuwahi kufanya kazi: ungeliondoa, kila jibu la kila zoezi lingebaki vilevile. Sharti ambalo kulikumbuka au kulisahau hakubadilishi chochote mtoto hana sababu ya kulibeba, na hakulibeba. Herufi yenyewe nayo inasaidia kosa, kwa kuwa Z inatambulika hata ikiandikwa na mtoto wa chekechea huku mkono wa juu ukielekea huku na wa chini ukielekea kule. Jicho linaona Z kabla halijauliza kama mikono hiyo ni sambamba. Herufi inaonyesha mahali pembe zilipo. Kuhusu ukubwa wake haisemi neno.

Hapa ndipo nilipotambua kwamba ule ubao wa mistari minne ulikuwa umechanganya vitu viwili visivyofanana. Pembe za X ni sawa bila sharti lolote. Mistari miwili ikikatana mahali M, pembe AMN na jirani yake BMN zinajumlisha 180 kwa sababu AB ni mnyoofu. Jirani huyohuyo, pamoja na pembe iliyo ng'ambo ya AMN, wanajumlisha 180 kwa sababu mstari unaokata nao ni mnyoofu. Pembe mbili zinazohitaji nyongeza ileile ili kufika 180 lazima ziwe sawa. Hoja hiyo inaishia hapohapo M. Haijui kama kuna mstari mwingine duniani. Ndiyo maana makutano moja yana siri moja tu: ukiambiwa pembe moja, nyingine tatu unazo.

Lakini N ni nyumba nyingine. Ukijua pembe zote nne za M, kuhusu N bado hujui lolote, kwa kuwa mstari CD unaweza kuzungushwa pale N kama mkono wa saa na hakuna kitakachobadilika pale M. Mchoro wa mistari mitatu unahitaji namba mbili, moja ya kila makutano, ili pembe zote nane zijulikane. Usambamba ndio unaozifunga nyumba hizo mbili pamoja, na ukishaingia, namba moja inatosha kwa pembe zote nane. Pembe za F, Z na U ni jozi zinazovuka kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na kila jozi inayovuka inahitaji ruhusa hiyo. Ningeliandika hivi ubaoni tangu siku ya kwanza, X ikiwa upande wake na zile tatu upande wao, naamini ile 105 isingefutwa.

Kipindi kilichofuata sikurudia sheria. Nilichora swali la nne ubaoni kwa pembe zake halisi, M hadi N ikiwa sentimita 20, nikauliza mistari hii inaelekea wapi. Kwenye karatasi ya jaribio isingewezekana kuona, kwa sababu pale MN ilikuwa kama sentimita 4, na kwa pembe hizo mistari inakutana zaidi ya sentimita 30 upande wa kulia, nje kabisa ya karatasi ya A4 ambayo upana wake ni sentimita 21. Ubaoni nafasi ilitosha. Wanafunzi wawili walishika uzi, mmoja akibana mwisho wake juu ya A na mwingine akiuvuta kupita M na B kuelekea kulia. Wengine wawili wakafanya vivyo hivyo kwa CD. Nyuzi zile mbili zilikutana zaidi ya mita moja na nusu kutoka M na N, karibu na ukingo wa ubao, na darasa likapiga kelele kana kwamba goli limefungwa.

Kisha tukahesabu. Pembetatu iliyozaliwa ina pembe BMN, ambayo ni 180 kutoa 112, yaani 68, na pembe MND, ambayo ni 105. Jumla yake ni 173. Pembe za pembetatu hujumlisha 180, kwa hiyo pembe ya pale mistari ilipokutana ni nyuzi 7. Nikawaomba watazame tena majibu mawili yaliyogombana: 112 na 105. Tofauti yake ni 7. Waliokaa mbele waliliona kabla sijamaliza kuandika. Hiyo si bahati, kwa kuwa AMN ni pembe ya nje ya pembetatu ile, na pembe ya nje ni jumla ya zile mbili za ndani zisizopakana nayo: 105 na 7. Kwa maneno mengine, pembe za Z zikitofautiana, tofauti yake ndiyo pembe ambayo mistari itakutana kwayo. Tofauti ikipungua, mahali pa kukutana panasogea mbali. Tofauti ikiisha, hakuna mahali pa kukutana. Nilikuwa nimefundisha usawa wa Z kwa miaka bila kuwaonyesha wanafunzi jambo hili, nami naliona sasa kuwa ndilo linaloupa usawa huo maana: kosa la nyuzi 7 lilikuwa kipimo cha jinsi mistari ilivyoinamiana.

Hatua iliyosaidia zaidi ilikuwa ya mikono. Kila mtoto ana kipande cha nailoni iliyobaki alipojaladia madaftari. Tuliilaza nailoni juu ya mchoro wenye mistari sambamba, uliochorwa kwa kufuata mistari ya daftari lenyewe, tukanakili kwa maka peni makutano ya M tu, yaani kipande cha AB na kipande cha mstari unaokata. Ukiiteleza nailoni juu ya mstari unaokata mpaka M ifike N, AB inalala juu ya CD bila kupishana. Hiyo ndiyo F, kwa vidole. Ukibana katikati ya MN kwa ncha ya bikari na kuizungusha nailoni nusu mzunguko, M inakwenda N na pembe AMN inaifunika pembe MND. Hiyo ndiyo Z. Na ukibana M yenyewe na kuzungusha nusu mzunguko, mistari inajirudia yenyewe na pembe zinazotazamana zinabadilishana nafasi. Hiyo ndiyo X, na kila mtu aliona kwamba kwa X hakuna mstari wa pili uliohusika. Walipofanya hayo kwenye swali la nne, X ilikubali, lakini F na Z zilibaki na kabari nyembamba ya nafasi kati ya mstari wa nailoni na mstari wa karatasi. "Imegoma, mwalimu," alisema mmoja, akiinua daftari lake nione. Ile kabari ni zile nyuzi 7.

Siwezi kusema kwamba kipindi kile kilinyoosha kila kitu. Wiki ileile kijana mmoja makini, ambaye katika jaribio alikuwa na 112 pia, aliniletea zoezi ambalo alikuwa ameacha pembe ya X bila kuijaza. Nilipomuuliza sababu alijibu kwamba hajaambiwa mistari ni sambamba. Alikuwa ameelewa kwamba ruhusa ni lazima, akaidai hata nyumbani kwake mwenyewe. Nilimrudisha kwenye nailoni, akazungusha, akacheka, akajaza. Kosa lake lilinifundisha kwamba kuwaonya watoto dhidi ya Z hakutoshi. Wanahitaji kuulizwa kila mara kama jozi iliyo mbele yao iko kwenye makutano moja au inavuka.

Sehemu ya pili ya swali, ile ya kuthibitisha usambamba, ilihitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa pale hoja inakwenda kinyume. Kusema kwamba mistari ni sambamba na kwa hiyo pembe za Z ni sawa ni jambo moja. Kusema kwamba pembe za Z ni sawa na kwa hiyo mistari ni sambamba ni jambo jingine, hata kama yote mawili ni kweli. Euclid, mwanahisabati Mgiriki aliyeandika huko Alexandria karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliyatenganisha katika kitabu cha kwanza cha kazi yake iitwayo Elements: la pili ni pendekezo la 27, la kwanza ni la 29. Usawa wa pembe za X ulikwisha kuthibitishwa mapema, katika la 15, bila kugusa usambamba. Na ili kulithibitisha la 29 alilazimika kutumia, kwa mara ya kwanza katika kitabu chote, kanuni yake ya tano, inayosema kwamba mistari miwili ikikatwa na wa tatu, na pembe za ndani za upande mmoja zikijumlisha chini ya pembemraba mbili, mistari hiyo itakutana upande huo. Ni kanuni ya U. Katika swali letu pembe za ndani za kulia zilijumlisha 173, na mistari ilikutana kulia. Sikuwasomea watoto historia hii, lakini ilinituliza mimi kujua kwamba mpaka kati ya X na zile tatu haukuwa wazo langu la usiku mmoja.

Hoja ya kinyume watoto wanaitumia kila siku bila kuitambua. Anayechora mistari sambamba kwa kuilaza pembetatu ya plastiki ya kwenye mkebe juu ya rula na kuitelezesha anatumia pembe za F: pembe ya plastiki haibadiliki, kwa hiyo kila mstari anaouchora unaikata rula kwa pembe ileile, na kwa hiyo mistari ni sambamba. Fundi seremala anayeweka alama mbili kwenye ubao kwa skwea ileile, akiiegemeza kwenye ukingo uleule, anafanya hivyohivyo kwa nyuzi 90. Nilipowauliza wanafunzi kwa nini fundi hahitaji kupima umbali kati ya alama zake ili kujua kama ni sambamba, jibu lilitoka kwa mtoto ambaye baba yake hutengeneza fremu za milango, naye alilieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi.

Swali la mwisho wa kipindi lilikuwa lile la siku zote, kwamba haya yote yatatusaidia nini, na safari hii nilikuwa na jibu la kutoka bara letu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Alexandria, alijua kwamba saa sita mchana ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, jua lilikuwa utosini kabisa huko Syene, mji unaoitwa leo Aswan, kusini mwa Misri. Saa hiyohiyo huko Alexandria kitu kilichosimama wima kilitoa kivuli, na pembe kati ya wima na mwale wa jua ilikuwa moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7.2. Ukiurefusha wima wa Alexandria mpaka katikati ya dunia, mstari huo unakata miale miwili: ule unaogusa Alexandria na ule unaoshuka Syene kuelekea katikati. Miale hiyo ni sambamba, pembe mbili zinakuwa za Z, na kwa hiyo pembe iliyo katikati ya dunia kati ya miji hiyo miwili nayo ni nyuzi 7.2. Umbali kati ya miji ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale; mara 50, mzunguko wa dunia ukawa stadia 250,000. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali nililolitamani: "Na kama miale isingekuwa sambamba?" Basi hesabu yote ingeanguka, kwa kuwa kivuli kilekile kingeweza kutokea kwenye dunia tambarare chini ya jua lililo karibu. Eratosthenes alichukulia kwamba jua liko mbali sana, na hiyo ndiyo ruhusa iliyompa ile Z.

Kuhusu komplimentari na saplimentari sina mengi ya kuongeza. Kosa la kuyachanganya ni la msamiati, na linaisha kwa mazoezi. Ila nimeacha kuyafundisha kwa pembe zilizopakana peke yake, kwa sababu watoto walikuwa wakidhani ni lazima zigusane. Pembe ya nyuzi 68 kwenye daftari langu na ya nyuzi 112 kwenye daftari lako ni saplimentari kama zile zilizokaa mstari mmoja.

Wiki mbili baadaye niliwapa swali la trapeza ABCD, AB ikiwa juu na sambamba na DC, na ulalo AC ukiwa umechorwa. Pembe BAC ni nyuzi 34, ABC ni 118, DAC ni 41. Wajaze zilizobaki na waandike sababu. Nilichagua umbo hilo kwa kuwa ulalo wake unatengeneza Z mbili, moja inayobebwa na AB na DC ambayo pembe zake ni sawa, na nyingine inayobebwa na AD na BC ambayo haina ruhusa. Anayefuata herufi ataandika kwamba ACB ni 41. Baadhi waliandika hivyo, wachache kuliko mara ya kwanza, na kwao bado nina kazi.

Karatasi ya yule binti haikuwa na mahali palipofutwa. Aliandika ACD ni 34, sababu AB na DC ni sambamba. Kwa ACB alitoa 34 na 118 kwenye 180 akapata 28, na pembeni, kwa Kiswahili, akaongeza: "Hapa pia kuna Z, lakini AD na BC sijaambiwa." Kisha chini yake, kwa maandishi madogo zaidi, alikuwa ametoa 28 kwenye 41, akaandika nyuzi 13, na kuchora kwa penseli hafifu pande DA na CB zikirefushwa kupita juu ya trapeza mpaka zikakutana.